Mpira wa rejeta: kifaa cha bei ndogo kinacholinda injini na usalama barabarani

Gari linapochemsha na kusimama katikati ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, athari zake haziishii kwa mwenye gari. Barabara ina kona kali, na malori na mabasi yaendayo Mbeya, Tunduma na nchi jirani hulazimika kusubiri au kulipita gari lililokwama kwa hatari. Chanzo chaweza kuwa kipande cha mpira ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kufungua injini: mpira wa rejeta.

Kazi ya mipira ya rejeta

Gari lenye injini inayopozwa kwa maji huwa na mipira miwili mikuu. Kwa kawaida mpira wa juu hupeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, na wa chini huyarudisha kwenye injini yakiwa yamepoa, yakivutwa na pampu ya maji.

Mfumo huo hufungwa ili ufanye kazi kwa shinikizo. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi joto 100 katika usawa wa bahari, na kwa takriban nyuzi 95 katika mji wa Iringa, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa huo. Ndani ya rejeta iliyofungwa vizuri, shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kwa kuwa injini nyingi hufanya kazi katika nyuzi 90 hivi, mpira unaovuja huondoa kinga hiyo na kuiacha injini karibu kabisa na kiwango cha kuchemka, hasa gari linapopanda mlima likiwa na mzigo.

Uchakavu huanzia ndani

Mpira waweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani ukiwa umepasuka. Joto, umri na mabadiliko ya kikemikali yanayotokea kati ya maji na metali za injini husababisha nyufa ndogo, hasa karibu na ncha zinazobanwa. Mafuta ya injini yanayodondokea mpira nayo huulainisha na kuuvimbisha.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi hufanyika kwa mkono, injini ikiwa imepoa kabisa. Mpira mzima hunyumbuka na kurudi katika umbo lake. Uliokauka na kutoa sauti ya kupasuka, uliolegea kama sifongo, uliovimba au wenye madoa ya kulanti kwenye ncha zake ubadilishwe. Mafundi wengi hushauri mipira ibadilishwe kila baada ya miaka 4 hadi 5 hata kama haijaonesha dalili. Ushauri huo ni muhimu kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, ambao aghalabu hawajui mipira iliyomo imedumu kwa muda gani.

Namna ya kubadilisha

Injini ipoe kwanza, kisha maji yamwagwe kwenye chombo safi. Kulanti nyingi zina kemikali yenye sumu na ladha tamu inayoweza kuwavutia watoto na wanyama, hivyo isimwagwe ardhini wala kuhifadhiwa katika chupa ya kinywaji.

Mpira uliogandamana uchanwe kwa urefu badala ya kuvutwa kwa nguvu, kwani shingo ya rejeta, hasa ya plastiki, huvunjika kwa urahisi. Shingo isafishwe, mpira mpya usukumwe hadi mwisho, na kibano kikazwe nyuma ya ukingo wa shingo bila kuukata mpira. Mpira mpya uwe na umbo lilelile la awali, kwa sababu ukikunjwa huzuia mzunguko wa maji. Iwapo mpira wa chini wa awali ulikuwa na springi ndani, mpya nao uwe nayo, kwani huzuia mpira kujibana pampu inapovuta.

Baada ya kujaza kulanti inayoelekezwa na mtengenezaji wa gari, hewa iliyonaswa itolewe, na kiwango kikaguliwe tena baada ya safari fupi, injini ikiwa imepoa.

Gari linapochemsha njiani

Dereva anapaswa kuegesha mahali salama, kuzima injini na kuweka pembetatu za tahadhari. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa mvuke na maji yanayoruka huunguza vibaya uso na mikono. Maji baridi yasimiminwe katika injini yenye joto kali, kwani chuma chaweza kupasuka.

Ikumbukwe pia kwamba maji yakiisha kabisa, geji ya joto yaweza kushuka ghafla ilhali injini inaungua. Kuendelea na safari katika hali hiyo huweza kuharibu gaskiti ya silinda hedi au injini nzima.

Wajibu wa mmiliki

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kiwe katika hali nzuri kinapotumika barabarani. Wamiliki wanashauriwa kutumia mafundi wenye ujuzi unaotambulika, wakiwemo waliohitimu mafunzo ya ufundi wa magari katika vyuo vya VETA, na kununua vipuri kwa wauzaji wanaotoa risiti, ili kipuri kikibainika kuwa kibovu mnunuzi awe na ushahidi wa kudai haki yake.

Ukaguzi wa mipira huchukua dakika chache. Unafaa kufanywa asubuhi kabla ya safari ndefu, injini ikiwa baridi, sambamba na ukaguzi wa matairi, breki na taa.