Maji ya Kidatu na Subira ya Kidhibiti

Umeme wa gridi ya Taifa ya Tanzania huenda kwa marudio ya hezi 50, yaani mkondo wake hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Kiwango hicho hakijishikilii chenyewe. Treni ya umeme inapoondoka stesheni ya Kilosa na kuchukua mwendo, jenereta za gridi huongezewa mzigo, na kasi ya jenereta hizo, na marudio pamoja nayo, hushuka, hata kama ni kwa kiasi kidogo mno. Kulihisi badiliko hilo na kulirekebisha bila mkono wa mtu ni kazi ya uhandisi wa udhibiti.

Njia yake kuu ni mrejesho: kupima kinachotokea, kukilinganisha na kinachotakiwa, kisha kurekebisha kulingana na tofauti. Mwaka 1788 James Watt aliufanya kwa mipira miwili ya chuma kwenye injini ya mvuke. Mhimili ulipokwenda kasi, mipira ilisukumwa nje na kubana vali.

Kituo cha Kidatu, kusini mwa Mikumi kwenye Mto Ruaha Mkuu, kilianza kuzalisha mwaka 1975. Leo kina mitambo minne yenye jumla ya megawati 204. Kasi ikishuka, yaonekana inatosha kupanua milango ya maji. Hapo ndipo penye ugumu, na ni vigumu kupata somo bora zaidi kwa mtafiti anayeingia katika fani hii. Maji yaliyojaa kwenye handaki linaloelekea kwenye turbaini ni mzigo mzito usiosukumika papo hapo. Lango likipanuliwa ghafla, shinikizo kwenye turbaini huanguka kabla maji ya nyuma hayajashika mwendo, na kwa kitambo nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Kidhibiti, yaani kifaa kinachoongoza milango hiyo, kikiwa na pupa hupanua zaidi, na upungufu huzidi. Maji yakifika kwa wingi, kasi hupita kiwango. Kidhibiti hufunga kwa pupa ile ile, na mtambo huyumba, kila yumbo kubwa kuliko lililotangulia.

James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu mwaka 1868 ni lini mayumbo ya namna hiyo hufifia na ni lini hukua. Kwa mitambo ya maji, dawa ni subira: kidhibiti huanza kwa upole, kisha huongeza nguvu maji yakishaitikia.

Kiasi cha subira hukokotolewa kutokana na muda ambao maji huhitaji ili kushika mwendo. Muda huo hurefuka handaki likiwa refu, na hufupika kimo cha maporomoko kikiwa kikubwa. Huongezeka pia mitambo inayotumia handaki moja inapofanya kazi kwa pamoja, kwa kuwa maji ndani yake huenda kwa kasi zaidi. Kwa sababu hiyo kidhibiti kilichotulia mtambo mmoja ukizunguka chaweza kuyumba yote ikiwashwa, na jaribio la kuaminika ni lile linalofanywa mitambo yote ikiwa imebeba mzigo kamili.