Makerere: Sayansi ya Kompyuta Inapoingia Shamba la Muhogo

Mkulima wa muhogo anaweza kupita shambani mwake akaona majani ya kijani na mashina yaliyonyooka, akarudi nyumbani ameridhika. Siku ya kuvuna anakata kiazi, anakuta ndani kimeoza, kimejaa mabaka makavu ya kahawia.

Hiyo ndiyo michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe na kwa pingili zenye maambukizi. Uliripotiwa mara ya kwanza Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930. Kwa muda mrefu ulijulikana kama tatizo la pwani na nyanda za chini, lakini mwaka 2004 ukaonekana Uganda ya kati, mahali ambapo wengi walidhani haufiki. Hapo ndipo wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Makerere walipopata kazi.

Wakaguzi wa kilimo walikuwa wakizunguka nchi na fomu za karatasi, wakitazama mimea na kuipa alama za ukali wa ugonjwa, kuanzia 1 hadi 5. Kazi ilikuwa ya gharama, na matokeo yalichelewa. Watafiti wa Makerere, akiwamo Ernest Mwebaze, waliuliza swali jepesi: kwa nini simu isipige picha ya jani, ikarekodi mahali lilipo, na kompyuta ikatoa alama?

Kompyuta haizaliwi ikijua muhogo. Lazima ifundishwe kwa picha. Wakulima walipiga picha mashambani mwao, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Namulonge wakaainisha ugonjwa ulioonekana katika kila picha. Zaidi ya picha 21,000 za aina hiyo ziliwekwa kwenye mashindano ya kimataifa ya Kaggle, jukwaa la mtandaoni la wataalamu wa data, mwaka 2020, na wataalamu wa kompyuta wa nchi mbalimbali wakashindana kutambua magonjwa ya muhogo wa Uganda.

Tanzania nayo ina sehemu yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya mfumo uliofundishwa kwa picha 2,756 zilizopigwa kwenye mashamba ya pwani, uliotambua magonjwa na wadudu kwa usahihi wa asilimia 93. Juhudi hizo zilizaa Nuru, programu inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo intaneti, kwa kuwa mashamba mengi hayana mtandao wa kuaminika.

Makerere haikuishia kwenye muhogo. Mradi wa AirQo, ulioanza mwaka 2015 chini ya Engineer Bainomugisha, hutengeneza jijini Kampala vifaa vya kupima hewa chafu vinavyostahimili vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika. Vingine vimefungwa kwenye bodaboda, zikawa zinapima hewa huku zikibeba abiria.

Miradi hii yote ilianza na shida, kisha ikatafuta mashine. Wengi wetu tumezoea kinyume chake: teknolojia inakuja na sifa zake, halafu tunahangaika kuitafutia kazi.

Hata hivyo, tukirudi kwenye muhogo, picha ya jani haioni kiazi kilicho ardhini. Ndiyo maana watafiti wa muhogo wa Makerere walijaribu pia kupima mwanga unaorudishwa na jani, ili ugonjwa ubainike kabla dalili hazijaonekana kwa macho. Na ukishabainika, hakuna dawa ya kuponya mmea ulioambukizwa. Ni kuung'oa na kupanda pingili safi.

Hapo kazi ya kompyuta inakoma na ya wizara inaanza. Kumwambia mkulima kuwa shamba lake linaumwa, kisha kumwacha apande pingili zilezile za jirani, ni kumwongezea majonzi tu. Vyuo vyetu viendelee kupeleka wanafunzi wa kompyuta mashambani, lakini bajeti inayolipia programu ilipie pia mashamba ya kuzalisha pingili safi, na zimfikie mkulima kabla ya mvua za kupandia.