Rinda lipo, mwenyewe hayupo

Je, msomaji mpendwa, ukiambiwa ujichore bila kuonyesha uso wako, utachora nini? Sare ya kazi? Kitambulisho? Au leso ya mama iliyo sandukuni?

Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico aliyezaliwa mwaka wa 1907 na kufariki mwaka wa 1954, alilijibu swali hilo mapema. Anajulikana sana kwa kujichora mwenyewe, nyusi zimekutana na macho yamekukazia. Lakini mwaka wa 1933, akiwa New York na mumewe, mchoraji Diego Rivera, alianza picha isiyokuwa na uso huo. Aliiita “Rinda langu linaning’inia pale.”

Katikati ya picha hiyo kuna rinda la wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Mexico. Limeanikwa kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Juu ya nguzo moja pana choo cha kukalia, na juu ya nyingine pana kombe la ushindi. Kando yake pipa la taka limefurika, na dirisha la kanisa lina alama ya dola. Chini kuna umati wa watu waliokatwa kutoka magazetini na kubandikwa, wadogo kama siafu. Wakati huo Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka wa 1929.

Frida mwenyewe yuko wapi? Hayupo. Jiji limebaki na vazi tu.

Hata hapa Nairobi au Mombasa, jirani humjua mwenzake kwa nambari ya mlango. Mtoto analijua jina la babu yake, lakini wakikutana hawana lugha ya kuzungumza.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, usikimbilie kulilaumu jiji. Frida alizaliwa Coyoacán, karibu na jiji kuu la Mexico, na babake alikuwa Mjerumani. Rinda la Tehuantepec alianza kulivaa akiwa mtu mzima, kwa kupenda kwake. Basi utambulisho si urithi tu. Ni kitu unachoamua kukivaa kila asubuhi, au kukiacha kamba­ni.

Jumapili hii, wape watoto karatasi na penseli. Kila mmoja ajichore bila uso, nawe pia uchore. Mwanao akichora simu, usimkaripie. Muulize tu: hii ikiondolewa, anabaki nani? Kisha uwe tayari, kwa sababu atakuuliza wewe vivyo hivyo.