Nguvu, Mwanga na Mwangaza: Istilahi za Taa ya Ziada ya Pikapu

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo taa ya ziada ambayo siku hizi hufungwa mbele ya pikapu. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo la gereji likiingizwa katika kurasa hizi. Lakini ofisa ugavi anayeandika mahitaji ya gari la mradi, mwalimu wa chuo cha ufundi, na mfasiri wa karatasi ya maelezo, wote hukutana na jambo hilo hilo. Na kosa la mmoja wao huishia barabarani usiku.

Tumepata kuona karatasi moja ya maelezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ambamo neno "nguvu" lilitumika kwa maana nne: umeme unaotumiwa na taa, wingi wa mwanga wake, umbali ambao mwanga hufika, na uimara wa gamba lake. Mnunuzi aliyeifuata karatasi hiyo hakuwa na njia ya kujua alichonunua. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno hapa. Kilichopungua ni kuyagawia maneno tuliyo nayo kazi zake.

Jina la kifaa

Taa hii ni sanduku refu na jembamba la alumini, lenye diodi nyingi za LED zilizopangwa safu moja au mbili. Diodi ya namna hii hutoa mwanga umeme unapopita ndani yake, bila ya uzi wa kuchomeka kama ule wa balbu ya zamani. Kupatikana kwa diodi ya buluu ndiko kulikowezesha mwanga mweupe, na kazi hiyo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Wapo waiitao "taa ndefu", lakini jina hilo laweza kudhaniwa kuwa ni la taa yenye mwanga mrefu, yaani ule ambao dereva huuzima anapopishana na mwenziwe. Sisi tunapendekeza "taa ya upau". Upau ni mti wa kuezekea, na neno hilo limekwisha kuzoeleka katika istilahi za kompyuta kwa maana ya umbo refu jembamba.

Vipimo vitatu vya mwanga

Hapa ndipo penye mzizi wa matatizo. Tunashauri maneno yagawanywe hivi: "mwanga" uwe wingi wote unaotoka katika taa, nao hupimwa kwa lumeni. "Ukali wa mwanga" uwe kiasi kinachoelekezwa upande mmoja, nao hupimwa kwa kandela. "Mwangaza" uwe kile kinachoangukia kitu kilicho mbele, kama vile mti, ng'ombe au mtembea kwa miguu, nao hupimwa kwa luksi.

Mfano utafafanua zaidi. Taa yenye ukali wa kandela 40,000 hutoa mwangaza wa luksi 4 katika umbali wa meta 100. Katika umbali wa meta 200 mwangaza huo hubaki luksi 1 tu, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili mwangaza hupungua mara nne. Kwa hiyo lumeni peke yake hazimwambii dereva ataona mpaka wapi. Taa mbili zenye lumeni sawa zaweza kutofautiana kabisa: moja ikatupa mwale finyu ufikao mbali, nyingine ikamwaga mwale mpana unaoangaza kando za njia. Ile yenye namna zote mbili twaweza kuiita taa ya mwale changamano.

Mfasiri ajihadhari pia na aina mbili za lumeni. "Lumeni ghafi" ni hesabu ya kinadharia, ipatikanayo kwa kuzidisha uwezo wa diodi moja kwa idadi ya diodi. "Lumeni halisi" ni zile zilizopimwa baada ya hasara ya joto na ya kioo. Lumeni halisi huwa chache daima. Karatasi isiyosema ni zipi haijasema kitu.

Wati na rangi

Wati si kipimo cha mwanga. Ni kipimo cha umeme unaotumika. Baadhi ya taa huandikwa wati 300 kwa kuwa zina diodi 60, na kila moja inahesabiwa kuwa ya wati 5. Fundi akipima kwa ampimita, akakuta zinapita ampea 8 kwa volti 12, basi wati halisi ni 96. Tofauti hii tunashauri ionyeshwe kwa maneno "wati za jina" na "wati halisi". Hesabu hiyo hiyo humwongoza fundi katika kuchagua waya na fyuzi. Taa inayotumia wati halisi 120 kwa volti 12 huhitaji ampea 10, na fyuzi ya ampea 15 inaifaa, mradi waya uwe mnene wa kuhimili ampea hizo. Umeme huo upitie katika rilei, ili swichi ndogo iliyo mbele ya dereva isibebeshwe mzigo wote.

Kuhusu rangi, wafasiri wengi huandika "joto la rangi". Msomaji hudhani kuwa taa ya kelvini 6000 huunguza mkono. Maana yake ni kwamba mwanga wake ni mweupe wenye kuelekea buluu, ilhali ule wa kelvini 3000 ni wa manjano. Tunashauri iandikwe "rangi ya mwanga", ikifuatwa na nambari ya kelvini.

Vumbi na maji

Alama IP67 isifasiriwe "haiingii maji" basi. Tarakimu ya kwanza, 6, ni daraja la juu kabisa la kinga dhidi ya vumbi. Ya pili, 7, maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa kina cha meta 1 kwa dakika 30 kisidhurike. Kupuliziwa maji yenye msukumo mkubwa wakati wa kuosha gari ni jaribio jingine, nalo lina alama yake.

Onyo lililopotoshwa

Tumeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Taa nyingi za namna hii huja na onyo ambalo hufasiriwa neno kwa neno kuwa "kwa matumizi ya nje ya barabara". Mtu akisoma hivyo hudhani anaambiwa aitumie anapoegesha kando ya njia, au haelewi lolote. Onyo lenyewe ni katazo, nalo liandikwe kama katazo: "Ni marufuku kuwasha taa hii katika barabara ya umma." Taa ya shambani au porini ikiwashwa barabarani humpofusha anayekuja kwa nukta chache, na nukta hizo zatosha kuua.

Taa iliyoidhinishwa kwa matumizi ya barabarani chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na nambari ya nchi iliyoidhinisha; 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza. Hata hiyo huungwa na mwanga mrefu, ili dereva apunguzapo taa nayo izimike.

Kwa muhtasari, ofisa ugavi aweza kuandika hivi: "Taa ya upau ya volti 12, wati halisi zisizozidi 120, mwale changamano, mwangaza wa luksi 1 katika umbali usiopungua meta 200, kinga IP67, alama ya E." Muuzaji akijibu kwa neno "nguvu" tu, ofisa atakuwa na haki ya kumrudishia karatasi yake.

Mapendekezo haya si amri. Mafundi ndio watakaoyatumia kila siku, na wao wakiwa na maneno bora zaidi tutayapokea kwa shukrani.