Programu Yetu Ndani ya Mashine Iigizwayo: Maelezo ya Simuleta ya Mfumo Mzima kwa Wanaisimu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu iliyoandikwa na mtafiti mwenyewe inavyoendeshwa ndani ya simuleta ya mfumo mzima wa kompyuta, na hasa jinsi vipimo vipatikanavyo humo vinavyopaswa kusomwa. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini idara ya lugha. Jawabu ni kwamba uchanganuzi wa Kiswahili kwa mashine si jambo geni tena: katika miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda SWATWOL, programu ichanganuayo mofolojia ya maneno ya Kiswahili. Mwanaisimu aisomapo kazi ya namna hiyo huuliza kwanza kama uchanganuzi ni sahihi. Swali la pili, yaani uchanganuzi huo unaidai mashine gharama gani, kwa kawaida huachiwa wahandisi. Hata hivyo, mashine iliyo mikononi mwa wasemaji wengi wa Kiswahili si kompyuta kubwa ya chuo kikuu, bali ni simu ya mkononi ya bei nafuu. Mbinu iliyo nyepesi katika kompyuta kubwa yaweza kuwa mzigo mzito katika simu hiyo, na anayechagua mbinu ni mwanaisimu.

Tuchukue kitenzi hawatatusomeshea. Kina mofimu nane: ha-wa-ta-tu-som-esh-e-a. Programu yaweza kukichanganua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuweka orodha ya maumbo yote yaliyokwisha kunyambuliwa, kisha kulitafuta neno katika orodha hiyo. Njia ya pili ni kuweka orodha fupi ya viambishi na mizizi, kisha kulivua neno kiambishi kimoja baada ya kingine hadi mzizi ubaki peke yake. Kwa hesabu nyepesi, tukikadiria viambishi 15 vya kiima, 15 vya yambwa na vya njeo 8, mzizi mmoja hutoa maumbo 1,800 kabla hatujagusa ukanushi wala minyambuliko. Mizizi 1,000 itatoa maumbo 1,800,000, na kila umbo likichukua baiti 20, orodha nzima itafikia baiti 36,000,000. Njia ya kwanza basi ina kazi chache lakini ghala kubwa. Njia ya pili ina ghala dogo lakini kazi nyingi.

Ni ipi iliyo bora? Hapo ndipo umbo la mashine linapoingia. Prosesa ina akiba ndogo ya kumbukumbu iliyo karibu nayo, iitwayo kache, ambayo husomwa upesi sana kuliko kumbukumbu kuu. Ghala la baiti 36,000,000 haliwezi kuenea katika kache ya kilobaiti 32. Orodha ya viambishi yaweza. Tungependa kujua matokeo yatabadilikaje kache ikiongezwa maradufu au ikipunguzwa nusu. Simu iliyokwisha kutoka kiwandani haiwezi kufunguliwa ikabadilishwa kache. Simuleta yaweza.

2. Kuiga na Kuigiza

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuiga ni kufuata tendo la mwingine kwa jinsi lionekanavyo kwa nje. Kuigiza ni kuivaa nafasi ya mhusika na kupitia matendo yake hatua kwa hatua, kila hatua kwa wakati wake. Ziko programu ziigazo kompyuta, kama vile QEMU iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Hizo huhakikisha kwamba programu iliyoandikiwa mashine moja inatoa jibu sahihi ikiwa juu ya mashine nyingine, lakini hazidai kueleza ingechukua muda gani katika mashine ile ya kwanza. Simuleta ya usanifu wa kompyuta huigiza: hufuatilia kila agizo linavyoingia katika prosesa, linavyoisubiri kumbukumbu, na linavyomalizika.

Simuleta tutakayoitumia kuwa mfano ni gem5. Ilitokana na kuunganishwa kwa miradi miwili, M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011. Hupatikana bila malipo, na matini ya programu yake iko wazi kwa yeyote. Sehemu zake za ndani zimeandikwa kwa lugha ya C++, na mashine yenyewe huelezwa katika matini ya Python: prosesa ya namna gani, kache ya ukubwa gani, kumbukumbu kiasi gani. Kubadilisha kache ni kubadilisha tarakimu moja katika matini hiyo. Wakati ndani yake huhesabiwa kwa mapigo, na kwa kawaida pigo moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde; hivyo mzunguko mmoja wa prosesa ya gigahezi 2 ni mapigo 500.

3. Namna Mbili za Uendeshaji

Simuleta hii yaweza kuendesha programu kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, programu ya mtafiti huwekwa peke yake. Inapohitaji huduma ya mfumo wa uendeshaji, kama vile kufungua faili, simuleta yenyewe huitimiza huduma hiyo kwa niaba ya mfumo ambao haupo. Namna hii ni nyepesi, nayo yafaa kwa majaribio ya mwanzo. Kasoro yake ni kwamba kazi ya mfumo wa uendeshaji haihesabiwi. Programu inayosoma orodha ya baiti 36,000,000 kutoka katika diski itaonekana kana kwamba imeipata bila jasho.

Namna ya pili ndiyo ya mfumo mzima. Simuleta hupewa vitu vitatu: kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwa kawaida Linux, taswira ya diski, yaani faili moja kubwa iliyobeba kila ambacho diski halisi ingebeba, na maelezo ya mashine. Mashine iigizwayo huwashwa kama mashine yoyote: kiini hupakiwa, vifaa hutambuliwa, diski hufunguliwa, huduma huanzishwa, na mwishowe hutokea mstari wa kungoja amri. Programu yetu si mgeni pekee tena. Imo miongoni mwa wakazi wa mashine, ikigawiwa zamu ya prosesa pamoja na wengine. Ugumu wa namna hii watokana na hilo, na faida yake pia.

4. Jinsi ya Kuiingiza Programu

Hatua ya kwanza ni kuitafsiri programu katika lugha ya mashine iigizwayo, wala si ya mashine iliyo mezani. Ikiwa tunaigiza prosesa ya aina ya ARM, kama zilivyo simu nyingi, na kompyuta yetu ni ya aina ya x86, hatuna budi kutumia kompaila itafsiriyo kutoka mashine moja kwa ajili ya nyingine. Tena yafaa maktaba zote ambazo programu inazitegemea zifungashwe ndani yake. La sivyo, programu itazitafuta katika taswira ya diski, na huenda ikakuta toleo jingine au isizikute kabisa.

Hatua ya pili ni kuiweka programu, pamoja na matini itakayochanganuliwa, ndani ya taswira ya diski. Taswira hufunguliwa katika kompyuta yetu kama diski ya kawaida, lakini lazima ielezwe mahali sehemu yake ya mafaili ianziapo. Katika taswira nyingi sehemu hiyo huanzia kipande cha 2,048, na kwa kuwa kila kipande ni baiti 512, mwanzo wake ni baiti ya 1,048,576. Katika taswira za zamani huanzia kipande cha 63, yaani baiti ya 32,256. Anayekosea tarakimu hii huambiwa kwamba diski haisomeki, ingawa diski haina ila yoyote.

Hatua ya tatu ni kuweka katika taswira hiyo chombo kidogo kiitwacho m5, kilichotafsiriwa nacho kwa lugha ya mashine iigizwayo. Hiki ndicho kiungo kati ya walio ndani na aliye nje. Kwa njia yake mashine iigizwayo huweza kuiambia simuleta mambo ambayo mashine halisi isingekuwa na wa kumwambia: nipe faili ya amri kutoka nje, anza kuhesabu upya, andika takwimu, hifadhi hali yangu, komesha uigizaji. Desturi iliyozoeleka ni kwamba, kuwashwa kukiisha, mashine huomba kwa m5 faili ya amri, huzitekeleza amri zake, kisha hukomesha uigizaji. Kwa desturi hiyo mtafiti hahitaji kuifungua taswira kila anapotaka jaribio jipya. Hubadilisha faili ya amri tu.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Kwa kawaida yale yaandikwayo katika diski wakati wa uigizaji hayaifikii taswira yenyewe, bali huwekwa kando na kupotea uigizaji uishapo. Matokeo ya uchanganuzi, yaani orodha ya mofimu zilizopatikana, lazima yatolewe nje kwa m5 kabla ya kukomesha. Hasara ya kusahau hatua hiyo si ndogo, kama tutakavyoona sasa.

5. Gharama ya Wakati

Tuseme programu yetu hutekeleza maagizo 2,000,000,000, kazi ambayo kompyuta halisi ingeimaliza kwa takriban sekunde moja. Simuleta ikiigiza maagizo 200,000 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua sekunde 10,000, yaani saa mbili na dakika 46 na zaidi. Kuwasha Linux nako kwahitaji mabilioni ya maagizo. Kumngoja kila mara mfumo uwashwe kwa uigizaji wa kina ni kuitumia siku nzima kwa jambo lisilo la utafiti wetu.

Kwa sababu hiyo simuleta ina prosesa za viwango mbalimbali. Iko nyepesi, isiyojali ucheleweshaji wa kumbukumbu, na iko ya kina, ifuatayo hata maagizo yatekelezwayo nje ya zamu yake. Iwapo mashine iigizwayo ni ya aina moja na ile iliyo mezani, prosesa halisi yenyewe yaweza kuazimwa kwa ajili ya kuwasha. Utaratibu ufaao ni kuwasha kwa njia nyepesi, kuhifadhi hali ya mashine pale programu inapokaribia kuanza, kisha kuanzia hapo kila jaribio kwa prosesa ya kina. Lakini yafaa ieleweke kwamba, katika matumizi ya kawaida, hali iliyohifadhiwa huwa na yaliyomo katika kumbukumbu kuu na katika rejista, bila yaliyomo katika kache. Programu basi huanza na kache tupu, na maneno ya kwanza yatakayochanganuliwa yataonekana ghali kuliko ilivyo kweli. Hayo hayana budi kupitishwa kwanza bila kuhesabiwa.

6. Mpaka wa Kipimo

Tumefikia jambo lililo kiini cha makala haya. Takwimu za simuleta ya mfumo mzima huhesabu kila kitu kilichotendeka kati ya agizo la kuanza na agizo la kumaliza, bila kuuliza ni nani aliyekitenda. Mtafiti asipotoa agizo lolote, takwimu zake zitakuwa ni za kuwashwa kwa Linux, na uchanganuzi wa vitenzi utakuwa umezama humo kama neno moja katika hotuba ndefu. Akitoa agizo katika faili ya amri, kabla na baada ya programu, atahesabu pia kupakiwa kwa programu na kusomwa kwa orodha kutoka diski. Akiliweka agizo ndani ya programu yenyewe, baada ya orodha kusomwa na kabla ya neno la kwanza kuvuliwa kiambishi, atahesabu uchanganuzi pamoja na ukatizaji mdogo wa mfumo usioepukika.

Mipaka yote hiyo ni halali. Kila mmoja hujibu swali lake. Mpaka mpana hueleza mtumiaji wa simu angengoja muda gani tangu aifungue programu. Mpaka finyu hueleza gharama ya mbinu ya kimofolojia yenyewe. Kosa ni kupima kwa mpaka mmoja na kudai jibu la mwingine. Mtu akipima kwa mpaka mpana, mbinu ya orodha kamili itabebeshwa mzigo wa diski. Akipima kwa mpaka finyu, mzigo huo utafichika. Hukumu juu ya mbinu hizo mbili yaweza kugeuka juu chini hali programu haikubadilika hata herufi moja. Mwanaisimu anaufahamu ugumu huu tangu zamani, kwani ni ule ule wa kuamua neno laanzia wapi na kuishia wapi.

7. Hitimisho

Simuleta si simu. Ni maelezo ya simu, na maelezo yaweza kupungukiwa. Kwa hiyo tarakimu zake zategemewa zaidi katika kulinganisha mbinu mbili chini ya mashine ile ile kuliko katika kutabiri sekunde kamili. Ripoti yoyote ya uchanganuzi wa Kiswahili itakayotumia chombo hiki haina budi kutaja mambo manne: maelezo ya mashine iliyoigizwa, toleo la kiini na la taswira ya diski, mahali agizo la kuanza na la kumaliza yalipowekwa, na kama kache ilipashwa moto kabla ya kipimo. Yakitajwa hayo, mtafiti mwingine ataweza kulirudia jaribio na kulihakiki. Na kwa kuwa chombo hakiuzwi, wala hakihitaji mashine nyingine zaidi ya kompyuta ya kawaida na subira, idara zetu zinaweza kuanza kazi hiyo zenyewe, zikiongozwa na maswali yatokayo katika sarufi ya Kiswahili.