Posho Pekee Haitoshi: Kinachomfanya Mhudumu wa Afya ya Jamii Aendelee Kubisha Hodi

Katika vijiji vingi vya Kitui na Makueni, mtu wa kwanza wa huduma ya afya ambaye familia hukutana naye si daktari wala muuguzi. Ni jirani: mhudumu wa afya ya jamii, ambaye wakazi wengi humwita CHP. Yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba akimpima mzee shinikizo la damu, akiangalia kijitabu cha kliniki cha mtoto na kumkumbusha mama mjamzito tarehe yake ya kurudi. Akiacha kuja, mabadiliko hayaonekani siku hiyo. Mtoto hukosa chanjo kimyakimya, na sukari ya mgonjwa hupanda bila mtu kujua.

Kwa hiyo swali la kinachomfanya mfanyakazi ajitume si la wakubwa wa kampuni peke yao. Linamhusu kila mkazi anayetegemea ziara hiyo.

Kazi yenyewe

Kenya ilianzisha mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006. Kwa miaka mingi waliofanya kazi hiyo waliitwa wahudumu wa kujitolea. Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua jijini Nairobi mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima. Mpango huo ulikuja na mkoba wa vifaa: mashine ya kupima shinikizo la damu, ya kupima sukari, kipimajoto, mizani, na utepe wa kupima mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Ulikuja pia na simu ya kuingizia taarifa.

Posho ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 kutoka serikali ya kitaifa na 2,500 kutoka serikali ya kaunti. Mwezi uliofuata, Oktoba 2023, Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ilitiwa saini na kuiweka kazi hii ndani ya sheria.

Kwa kawaida mhudumu mmoja hukabidhiwa kaya kama 100. Wahudumu kama kumi huunda kitengo cha afya ya jamii, wakisimamiwa na afisa wa afya ya jamii na kuunganishwa na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Malipo huzuia manung'uniko, hayazai bidii

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mhandisi wa Marekani Frederick Taylor alifundisha kwamba kazi igawanywe vipande vidogo, kila mtu apewe kipande chake, na alipwe kadiri anavyotoa. Mwaka 1911 alichapisha kitabu kuhusu njia hiyo, na viwanda vingi vikaifuata. Uzalishaji uliongezeka, lakini wafanyakazi wengi walijikuta wakirudia jambo lile lile kutwa bila kuona maana yake.

Mwaka 1959, Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza ni lini walifurahia kazi sana, na ni lini waliichukia. Majibu hayakuwa pande mbili za jambo moja. Chuki ilitokana na malipo duni, usimamizi mbaya na mazingira magumu. Furaha ilitokana na mambo mengine: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa wajibu na kupanda ngazi.

Wataalamu wengine walimkosoa Herzberg, wakisema binadamu hupenda kujisifu mambo yakienda vizuri na kulaumu wengine yakiharibika. Hata hivyo, funzo moja limebaki: posho ikichelewa, mhudumu hukata tamaa; posho ikifika kwa wakati, manung'uniko hupungua, lakini hilo peke yake halimfanyi apende kupanda kilima kwenda nyumba ya mwisho.

Fundisho hili halipaswi kugeuzwa kisingizio cha kutolipa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya ya jamii. Lilishauri walipwe kulingana na uzito wa kazi na saa wanazotumia, wawe na mkataba wa maandishi, wapate usimamizi wa kuwasaidia, na wawe na ngazi ya kupanda. Lilishauri pia malipo yao yasitegemee kwa sehemu kubwa idadi ya kazi walizotimiza, kwa sababu mtu anayelipwa kwa hesabu ya jambo moja huacha mengine yasiyohesabiwa.

Ukambani inalijua somo hili

Wazee wa Ukambani hawahitaji kitabu kutoka ng'ambo kuelewa jambo hili. Wakati wa ukoloni, serikali iliwalazimisha wakazi kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu walitoka kwa amri, chini ya usimamizi wa machifu, na kazi hiyo ilichukiwa.

Katika miaka ya 1950, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, matuta yalianza kuchimbwa kwa njia ya mwethya. Wanachama walichagua viongozi wao, wengi wao wanawake, na walifanya kazi kwa zamu katika mashamba yao wenyewe. Baada ya uhuru hapakuwa tena na wa kuwalazimisha, lakini matuta yaliendelea kuongezeka. Jembe lilikuwa lile lile na jua lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua, kazi ilikuwa ya nani, na nani aliona faida yake mvua iliponyesha.

Mambo matano ya kazi iliyopangwa vizuri

Mwaka 1976, watafiti wa Marekani Richard Hackman na Greg Oldham walieleza mambo matano yanayoifanya kazi yenyewe impe mtu ari. Yote yanaonekana katika kazi ya mhudumu wa afya ya jamii.

La kwanza ni ujuzi wa namna mbalimbali. Mhudumu hupima, hufundisha, hushawishi na huandika. Akigeuzwa kuwa mtu wa kujaza takwimu tu, kazi hupoteza ladha.

La pili ni kuifuata kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayemjua mama tangu ujauzito, akamwona anajifungulia hospitalini, kisha akafuatilia chanjo za mtoto, huona kazi yake imekamilika.

La tatu ni uzito wa kazi kwa maisha ya wengine. Hapa mhudumu hakosi sababu, mradi akumbushwe. Mtoto aliyegunduliwa na utapiamlo mapema akapona ni ushahidi tosha.

La nne ni uhuru wa kuamua. Mhudumu anaijua njia ya kijiji chake, siku ya soko na msimu wa kupanda. Akiachiwa kupanga ziara zake, huwapata watu nyumbani. Akipewa ratiba isiyojali mvua za Oktoba hadi Disemba, wakati familia nyingi ziko shambani, hukuta milango imefungwa.

La tano ni mrejesho, yaani kujua kazi yako imezaa nini. Hapa ndipo mambo huharibika kwa urahisi zaidi. Mhudumu humpa mgonjwa fomu ya rufaa kwenda zahanati, kisha hasikii tena habari zake. Hajui kama alifika, kama alitibiwa, au kama alihitaji kuja kwa haraka kiasi hicho.

Hackman na Oldham waliona kwamba mambo matatu ya kwanza huweza kufidiana: moja likipungua, jingine huliziba. Lakini uhuru na mrejesho havina mbadala. Kimojawapo kikikosekana kabisa, ari iliyotoka kwenye kazi yenyewe huzimika.

Sifa na ngazi ya kupanda

Utafiti kutoka Zambia unaonyesha jinsi mambo haya yanavyofanya kazi Afrika. Jijini Lusaka, watengeneza nywele na vinyozi walipewa kazi ya kuuza kondomu za kike katika maduka yao. Wengine walilipwa sehemu ya bei, wengine walijitolea, na wengine walipewa nyota za kubandika kwenye bango dukani kwa kila pakiti waliyouza. Waliopewa nyota waliuza takriban mara mbili zaidi ya wengine. Kuonekana na wateja wao kuwa wanaisaidia jamii kulikuwa na nguvu.

Vilevile, mwaka 2010 Zambia ilipoajiri kundi jipya la wahudumu wa afya vijijini, matangazo katika baadhi ya wilaya yalisisitiza kuitumikia jamii, na katika nyingine yalisisitiza nafasi ya kupanda cheo. Baadaye ilionekana kwamba walioitikia tangazo la kupanda cheo walitembelea kaya nyingi zaidi, kwa takriban asilimia 29. Kutamani maendeleo yako mwenyewe hakupunguzi huruma kwa jirani.

Kaya 100 si sawa kila mahali

Kwa hesabu ya sensa ya 2019, Makueni ilikuwa na wakazi 987,653, wastani wa watu 121 katika kila kilomita ya mraba. Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187, lakini kwa kuwa eneo lake ni kubwa zaidi, wastani ulikuwa watu 37 tu. Maana yake ni kwamba kaya 100 za mjini Wote zinaweza kufikiwa kwa miguu kwa muda mfupi, ilhali kaya 100 za Tseikuru au Mutha zimetawanyika, na baina yake kuna vichaka na mito ya msimu.

Kwenye karatasi, kazi hizi mbili ni moja na posho ni moja. Kwa miguu, ni kazi tofauti. Kupanga kazi vizuri ni pamoja na kutazama tofauti hiyo: kupunguza kaya mahali ambapo nyumba ziko mbalimbali, kugawa maeneo kwa kufuata njia na mito badala ya idadi peke yake, au kufikiria gharama ya bodaboda.

Nini kinaweza kufanywa

Mambo mengine yanahitaji fedha, na mengine hayahitaji hata shilingi.

Kwa zahanati na vituo vya afya: fomu ya rufaa ina nafasi ya kituo kujibu. Kuijaza na kuirudisha huchukua dakika chache, na humwambia mhudumu kwamba ziara yake haikupotea.

Kwa wasimamizi: mkutano wa kila mwezi usiwe wa kukusanya takwimu tu. Wahudumu waonyeshwe hesabu zao wenyewe zinasema nini, na waulizwe njia ipi inafaa vijijini mwao.

Kwa wakazi: mfahamu mhudumu wa kijiji chako na umpe taarifa za kweli. Akikutuma kliniki, nenda, na ukirudi umweleze ulivyohudumiwa. Katika baraza, mtaje kwa jina anapofanya vizuri.

Sehemu ya posho inayotoka kaunti hupitia bajeti ambayo wananchi wana haki ya kuitolea maoni. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya kukusanya maoni hutangulia tarehe hizo. Mkazi anayetaka mhudumu wake alipwe kwa wakati, au agawiwe kaya anazoweza kuzifikia, aseme hivyo katika kikao cha wadi yake kabla tarehe hizo hazijapita.