Mkate wa Jibini wa Brazili: Muhogo Wapewa Heshima Yake

Kwa wengi wetu muhogo ni chakula cha dhiki. Huliwa mvua ikikosa, na mgeni akibisha hodi hufichwa jikoni. Katika jimbo la Minas Gerais, nchini Brazili, mambo ni kinyume: mgeni huandaliwa kahawa pamoja na pão de queijo, yaani mkate wa jibini, ambao msingi wake ni muhogo.

Jimbo hilo lilipata jina lake kutokana na migodi. Katika karne ya 18 dhahabu ilichimbwa huko kwa jasho la watumwa, wengi wao Waafrika. Husimuliwa kwamba mkate huu ulizaliwa katika majiko ya mashamba ya zama hizo, ambako ngano ilikuwa adimu, lakini muhogo na maziwa vilikuwapo. Jibini la huko lina sifa kubwa, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa kulitengeneza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Siri ya mkate huu ni kwamba hautumii unga wa muhogo, bali wanga wake. Muhogo hukunwa, huoshwa kwa maji na kuchujwa kwa kitambaa. Wanga hutuama chini ya chombo kama tope jeupe. Maji yake hayana budi kumwagwa, kwani muhogo mchungu una sumu. Wenyeji huuacha wanga uchachuke majini kwa majuma kadhaa, kisha huuanika juani. Uchachu huo pamoja na jua ndio huufanya mkate uumuke pasipo hamira.

Apendaye kujaribu nyumbani atwae gramu 500 za wanga na kijiko cha chai cha chumvi. Achemshe kikombe cha maziwa pamoja na nusu kikombe cha mafuta, aumwagie wanga vikiwa bado vinatokota, na kukoroga. Ukipoa, atie mayai mawili, kisha gramu 250 za jibini kavu lililokunwa, na kuukanda mpaka uwe laini. Afinyange madonge madogo, ayapange kwa nafasi, na kuyaoka katika tanuri lenye moto wa nyuzi 180 hadi 200 kwa muda wa dakika 25. Yaliwe yangali moto, kwani yakipoa hugeuka kuwa magumu.

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Tuliupokea mmea, lakini heshima yake tukaiacha ng'ambo. Leo twaagiza ngano kwa fedha za kigeni, hali muhogo u shambani mwetu. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.